Kiinua Mgongo

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya adhana,
nilisikia ukelele mmoja, mfupi, kisha manyoya.
Ndiyo, manyoya yana sauti
yakimwagika juu ya bati.

Nguchiro alipita chini ya waya,
pale jiwe lilipoachana na udongo kwa upana wa ngumi.
Igogo yetu ni mawe juu ya mawe
na kila jiwe lina mpangaji wake.
Chini, ziwa lilikuwa bado jeusi.
Nilimkuta mtetea amejikunyata nyuma ya pipa,
mgongo wazi, ngozi imening'inia
kama mfuko wa shati uliokwaruzwa na msumari.

Huyu nilimnunua kwa kiinua mgongo,
wiki ile kiwanda cha minofu kilipotupa bahasha
na mkono wa kwaheri.
Miaka tisa nimechuna sangara.
Elfu ngapi, sikuhesabu; msimamizi alihesabu.
Napajua ngozi inapoagana na nyama,
naujua ule utando mweupe,
mwembamba kama pumzi kwenye kioo,
naweza kuupita kwa kisu huku nasinzia.
Kufungua, najua.
Kufunga sikuwahi kufundishwa.

Nyamizi wa jirani akachungulia juu ya ua:
"Baba Mageni, muwahi kabla hajawa kibudu.
Mchuzi haujui kidonda."
Kweli. Nikaleta kisu.
Nikakinoa kwenye jiwe, mara mbili, tatu,
na mikono ikafurahi, wasaliti hawa,
ikakaa mkao wake wa zamani.
Kuku akanitazama kwa jicho moja,
maana kuku hana namna ya kukutazama kwa yote mawili.

Sijui. Labda ni lile jicho.
Labda sikutaka tu kukila kiinua mgongo chote
ndani ya mwaka mmoja.

Nikachemsha maji, nikatia chumvi,
nikasubiri mpaka yakavumilika kwenye kiwiko.
Manyoya yaliyoganda kwa damu nikayang'oa
moja moja, nikimwomba radhi kwa lugha ya mama yangu.
Mageni alishika tochi kwa mikono miwili.
Nikamiminia jeraha maji, taratibu,
mpaka mchanga ukatoka, na mate ya nguchiro.
"Unamshona?"
Hapana. Kidonda cha jino ukikishona
unaufungia usaha mlango kwa ndani.
Nikairudisha ngozi mahali pake
kama shuka juu ya mtoto aliyelala vibaya,
nikapaka asali, na pembeni ile dawa ya zambarau
wanayopakwa wachanga wenye vidonda vya kinywa,
ili wenzake wasiuone wekundu.
Kuku wakiona damu hawana undugu.

Akalazwa jikoni, ndani ya kreti la soda,
kipande cha chandarua juu yake kwa ajili ya nzi.
Siku ya kwanza, maji ya sukari, tone kwa tone, kwa kijiko.
Siku ya pili, hakuna.
Siku ya tatu nilikinusa kidonda
kama nilivyokuwa nikimnusa samaki wa jana,
na pua yangu, ambayo kiwandani haikuwahi kukosea,
ikasema: hajaoza.
Ya tano akadonoa dagaa mmoja,
akamtema,
akamdonoa tena.

Sasa anatembea uani
na kipara cha zambarau mgongoni.
Hajataga. Huenda hatataga.
Nyamizi bado anauliza mchuzi utaiva lini.

Shimo nimeliziba kwa kokoto na saruji ya kuomba.
Jana, juu ya lile jiwe kubwa, nikamwona nguchiro
anaota jua la jioni, watoto watatu nyuma yake,
midomo wazi.
Nilikuwa na jiwe mkononi.
Nikakaa nalo muda mrefu.
Zamu yake, nikafikiri, inaanza alfajiri
kama yangu ilivyokuwa,
na minofu anayochuna, naye, ina wenyewe.

Kisha nikarusha,
kando kidogo,
ajue tu kwamba nyumba hii ina mtu.